Madungu Manne Katika Shamba Moja

Kwa miaka mingi nimekana kwamba najua kupiga ukemi. Nikiulizwa nilikuwa wapi mwaka ule kati ya kumaliza kidato cha sita na kuingia chuo kikuu, nilijibu kwamba nilikuwa kwa ndugu, upande wa Kibiti, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akipumzisha akili. Ukweli ni kwamba nilikuwa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya mpunga, huko Mbwera kwenye delta ya Rufiji, nikiamia ndege tangu jua linapochomoza hadi linapozama, na ukemi wangu, ule ukelele wa kuwafukuza, ulisikika ng'ambo ya kijito. Miaka mingi baadaye, katika semina moja ya usalama wa chakula, kwenye ukumbi wenye baridi ya kukufanya ujutie mavazi yako, mtoa mada alituonyesha picha ya dungu akauliza kama kuna anayejua kile ni kitu gani. Nikainamia karatasi zangu. Mtu mmoja akasema ni choo. Nikaacha kiwe choo.

Nakiri sasa kwa sababu mwenye dungu lile amefariki. Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, alizikwa mwanzoni mwa kiangazi, na siku ya arobaini yake tulikusanyika Kibiti mjini, nyumbani kwa mwanawe wa pili, Kassimu, mwenye duka la mabati na misumari kando ya barabara kuu. Kabla ya khitma kuanza, binti yake Sikujua, ambaye ni rika langu, alinivuta uani nyuma ya pipa la maji. Kaka zake, Saidi na Kassimu, walikuwa wamepanga kwamba baada ya chakula wazungumzie kipande cha shamba alichokiacha marehemu, kigawanywe. Sikujua ndiye aliyekuwa akikilima tangu mama yao aanze kuumwa, pamoja na cha kwake kilicho ubavuni, na kwa vipande hivyo viwili alikuwa akijilisha yeye, mwanawe wa mwisho, na wajukuu wawili ambao mama yao yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Kikigawanywa, mpunga wake hautafika msimu mwingine. Alikuwa hawezi kula kwa wasiwasi. Sahani aliyoishika ilikuwa na andazi lililoumwa mara moja tu.

"Wewe ndiye msomi wetu," aliniambia. "Mie nikisema, watasema nalia. Wewe ukisema, watasema umetoa hoja."

Nilikubali upesi kuliko heshima inavyoruhusu. Nani asiyependa kuitwa msomi nyuma ya pipa la maji? Nikaenda kukaa sebuleni na akina mama, nikaanza kupanga hoja zangu kichwani wakati visomo vikiendelea upande wa wanaume, na hapo ndipo sinia za pilau zilipoanza kuingia. Zilikuwa nyingi mno. Ziliingia za wazee, za wageni wa mbali, za majirani, kisha za watoto, na za watoto ziliendelea kuingia hata mbebaji mmoja akauliza kama nyumba ina mlango mwingine. Mama mmoja wa Mchukwi aliyekaa karibu nami alisifu mchele, akauliza kama ni wa marehemu. Mke wa Kassimu akajibu bila haya kwamba ni wa Kyela, umenunuliwa dukani hapo mbele. Nikatazama sinia langu. Mwanamke aliyezaliwa katika mpunga, aliyeolewa katika mpunga, aliyezeeka katika mpunga, arobaini yake inaliwa kwa mchele uliokuja kwa lori kutoka ncha nyingine ya nchi, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Nilitaka kukasirika, lakini pilau lilikuwa zuri.

Shamba lile nalijua tangu lilipokuwa moja. Nilifika Mbwera kwa boti kutoka Nyamisati, nikiwa na sanduku la nguo na mfuko wa vitabu vya jiografia nilivyokusudia kuvisoma vyote kabla chuo hakijafunguliwa. Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa ya udongo na boriti za mikoko, paa la makuti, na ukumbi mrefu uliopita katikati hadi uani. Vyumba vilikuwa vimejaa. Saidi na mkewe Zaituni walikuwa na kimoja na watoto wao wadogo. Kassimu na mkewe Hadija kimoja na mwana wao. Mama Mkubwa kimoja. Na mimi nikapewa nafasi kwa Sikujua, juu ya kitanda cha kamba ambacho tayari kilikuwa na binti wawili wa Saidi. Tulilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Usiku nilijifunza miguu ya kila mmoja, na vitabu vya jiografia vikapata kazi ya kuinua upande mmoja wa kitanda uliokuwa umelegea.

Kanuni ya nyumba ile ilikuwa chungu kimoja. Wote waliokula katika chungu kile walilima shamba moja, na katikati ya shamba kulikuwa na dungu moja, wakilipokezana. Shamba hilo Mama Mkubwa na marehemu mumewe walilifungua wenyewe walipokuwa vijana, kwa kukata mikoko na kungoja maji ya mto yaoshe chumvi. Kichwa cha shamba, huku kwenye tuta, kilipata maji baridi mto ukijaa. Mkia wake uliishia kijitoni, na maji ya bamvua, yale makuu ya bahari, yakizidi, mkia ulionja chumvi. Zamani shamba likichoka mtu alihama akafungua jingine. Mwaka ule hapakuwa na pa kuhamia. Mbele kulikuwa na mikoko ambayo maofisa walikwisha kataza isikatwe. Nyuma na kando kulikuwa na mashamba ya watu wengine ambao watoto wao nao walikuwa wameota ndevu. Ukisimama juu ya dungu ukazunguka, kila upande ulikuwa na mtu.

Nami kila siku nilikula. Hilo ndilo nililolifanya kwa bidii mwaka ule. Tulikula wali na chukuchuku ya samaki hongwe, wali na kamba, wali na matembele kamba wakiadimika, na baadaye muhogo na matembele wali ukiadimika. Mama Mkubwa ndiye aliyepakua, hakumwachia mtu mwiko. Alikuwa na ufundi wake: aliweka bakuli la mchuzi katikati ya sinia kwanza, kisha akazungushia wali mpaka ukapanda ukaficha ukingo wa bakuli, na kutoka mbali ungesema kilima. Wanaume walikula barazani, sisi wanawake uani, na watoto kwenye mkeka wao kando ya jiko. Nilipofika, watoto walikuwa na sinia mbili. Mvua zilipokaribia walikuwa na tatu, kwa sababu Zaituni alikuwa amejifungua tena na yule wa kabla yake alikuwa ameachishwa ziwa akapandishwa cheo kwenye sinia. Wali haukuongezeka. Kilima kilishuka tu, na bakuli la mchuzi likaanza kuonekana masikio.

Watoto wakimaliza walikimbilia ukoko. Chungu kililazwa ubavu, na vichwa vyao viliingia ndani kwa zamu ambayo haikuwa zamu. Siku moja mwana wa Hadija, aliyekuwa peke yake dhidi ya wana wa Saidi, alirudi kwa mama yake na mkono mtupu na alama ya meno. Hadija alimwosha uso, akamfunika kanga. Lakini alasiri ile nilikuwa nimejilaza chumbani, na kati ya chumba na jiko kulikuwa na ukuta wa makuti tu, nikawasikia Hadija na Zaituni wakikuna nazi, kila mmoja juu ya mbuzi wake, na mbuzi wakisema kabla ya wenyewe kusema.

Hadija alianza kwa kusema kwamba yeye ana mtoto mmoja, na mtoto huyo anakula kwa kijiko. Zaituni akauliza ni kijiko gani hicho, au ni mwiko. Hadija akasema wa mwenzake wanakula sinia lao, kisha wanalamba na la wenzao.

"Wanangu wakikua watalima," Zaituni akasema. "Huyo wako mmoja akikua, atakuja kuwatazama."

"Wakikua. Sasa hivi wanakula."

Wakaendelea kukuna. Nimekuja kusoma baadaye vitabu vizito kuhusu watu na chakula, vya wanaosema kila kinywa huja na mikono miwili na vya wanaosema kinywa hutangulia mikono kwa miaka mingi, na mwenyewe niliandika tasnifu nzima nikipima pande hizo mbili, tasnifu ambayo msimamizi wangu aliniambia ni ndefu kuliko kile inachosema. Yote yalikwisha semwa juu ya mbuzi wawili wa nazi, na wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililonikera tangu siku ile na linanikera mpaka leo: sikuweza kumkasirikia hata mmoja.

Jioni Hadija alimpelekea Kassimu maneno, na Kassimu akayapeleka barazani. Hakutaja ukoko. Mwanamume hasemi ukoko barazani. Alisema kwamba watu wamekuwa wengi, kwamba chungu kimoja kinaleta manung'uniko, na kwamba ingekuwa vyema kila mtu akajua pake. Saidi, ambaye ndiye mwenye watoto, alisema kila mtoto huja na riziki yake. Mama Mkubwa alikuwa anapepeta mchele mlangoni, hakuinua macho.

"Riziki huja nayo," akasema. "Mpishi haji naye."

Nilidhani kwa neno lile mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa amechoka. Kupakua ndiko kulikomchosha, alimwambia Sikujua baadaye nasi tumelala. Kila siku kukadiria kilima, na macho ya kila mkwe juu ya mwiko wake. Akakubali kuwapa shamba wangali wanamwona. Aliyepinga ni Sikujua peke yake. Alisema shamba likikatwa halitatosha mtu, akaambiwa yeye ataolewa. Akasema hata akiolewa atakula, akaambiwa atakula kwa mumewe.

Ugawaji ulichukua asubuhi moja. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba, kwa kuwa nilikuwa na hesabu, Kassimu akashika ncha nyingine. Hapakuwa na ubishi juu ya namna ya kukata: lilikatwa kwa urefu, kutoka tuta hadi kijito, ili kila mtu apate baridi yake na chumvi yake, na pasiwe wa kusema kaonewa. Saidi kwanza, kisha Kassimu, kisha Mama Mkubwa, kisha Sikujua pembeni, ambaye kipande chake kilikuwa nusu ya cha kaka zake. Ilikuwa haki tupu. Vilitoka vipande virefu, vyembamba, kama kanga zilizoanikwa. Nilijisifu kwa unyoofu wa mistari yangu. Mama Mkubwa alisimama kwenye tuta akatazama vigingi, akaniuliza kama chuoni nitafundishwa na kuunga.

Tulilima siku zilezile, mbegu ileile, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ila kwenye mipaka hapakulimwa. Kila mmoja aliacha ukingo kidogo upande wake asije akaambiwa kavuka, na kwa kuwa wawili waliacha, ukingo ukawa njia, njia ikaota nyasi, na katika nyasi wakahamia panya. Chungu nacho kiligawanyika. Yalikuwa sasa mafiga ya Saidi huku, ya Kassimu kule, na Mama Mkubwa, Sikujua na mimi tukabaki na sufuria ndogo ambayo Mama Mkubwa hakuweza kuizoea. Kila siku alipika chakula cha kuzidi watu watatu. Mkono wake haukujua kidogo. Kisha, kwa kuwa chakula hakitupwi, aliwaita watoto, nao walikuja wote, wa Saidi na wa Kassimu, wakiwa wameshakula kwao, wakala tena. Zaituni akalalamika kwamba mama mkwe anamnenepesha mwana wa Hadija. Hadija akalalamika kwamba wale wengine wanajaza sinia. Tulikuwa tumegawanya shamba ili kumaliza manung'uniko, na sasa manung'uniko yalikuwa na mafiga matatu ya kuchemkia.

Kisha mpunga ukaanza kutia maziwa, ndege wakaja, na kila mtu akajenga dungu lake.

Yafaa nieleze jinsi ilivyokuwa kabla. Dungu likiwa moja, mwamiaji alisimama katikati akawasukuma ndege watoke shambani kabisa, waende zao mikokoni wakatafute pengine. Shamba lilikuwa na nje. Sasa palikuwa na madungu manne, yamepangwa sambamba kama watu wanaosubiri kuhesabiwa, na kila mwamiaji alikuwa na kazi moja tu: ndege wavuke kamba. Wakishavuka, si wake. Zaituni alipandisha jeshi lake lote, kila mtoto na kopo, na hapo lazima nimpe haki yake, maana mikono aliyoitabiri ilikuwa imefika. Kelele zao zilikuwa za harusi. Ndege wakatoka kwa Saidi wakatua kwa Kassimu. Hadija alikuwa peke yake na mwanawe mmoja. Alipiga teo lake, kombeo la madonge ya udongo, ndege wakainuka wakatua kwa Mama Mkubwa, yaani kwangu. Nami niliwapigia ukemi. Sikuwa na ukemi nilipofika. Niliupata hapo, siku moja hadi nyingine, ukitoka tumboni mahali ambapo elimu ya sekondari haijafika. Ndege waliinuka, wakatua kwa Sikujua. Na Sikujua, ambaye kipande chake ni chembamba na hana pa kuwapeleka mbele isipokuwa majini, pale kijito kinapopinda, aliwarudisha.

"Sikujua!" Saidi aliita siku moja kutoka mwisho mwingine. "Kaa na ndege wako!"

"Ndege wangu? Nimewazaa mie?"

Hadija alicheka mpaka akalazimika kukaa. Zaituni hakucheka. Wale ndege wadogo wa kahawia hawakuwa na haraka tena. Walikula huku wakihamishwa, wakionja kwa Saidi, wakishushia kwa Kassimu, na kwa kuwa sote tulikuwa tumeshawapigia kelele kila siku, walituzoea kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Niliona yote hayo kutoka juu. Nilikuwa na umri wa kujua na nilijua, sote tulijua. Jioni moja Kassimu mwenyewe alisema, akitoa mwiba mguuni, kwamba dungu moja lilitosha. Kila mtu akaitikia. Asubuhi kila mtu akapanda kwake, kwa sababu ni nani atakayeanza kuamia mpunga wa mwenzake huku wake ukiliwa?

Mavuno yalikuwa machache kuliko ya chungu kimoja. Hapakuwa na aliyesema tumekosea kugawa. Walisema Sikujua ana sauti kubwa mno. Mimi niliondoka na kikapu cha mchele mpya na koo lililokwaruza, nikaingia chuo kikuu nikasomea watu, ardhi na chakula, na tangu hapo nimekuwa nikila kwa kuandika makala zinazosema kwamba watu wanaongezeka na ardhi haizai ardhi. Wahariri wanaipenda sentensi hiyo. Nimeiandika kwa namna nyingi, na kila mara nimepata barua za wasomaji wanaokubaliana nami na kunieleza kwamba tatizo ni majirani zao. Kila niliporudi Mbwera, vipande vilikuwa vimekatwa upya. Saidi aliwakatia wanawe, kwa urefu, kwa haki. Mtu akija na boti sasa anayaona madungu kutoka kijitoni, yamesongamana juu ya mpunga kama kitongoji kilichohamia angani.

Basi arobaini ile, sinia zilipoondolewa na mikono ikaoshwa, nilisimama. Nilisema vizuri, na nasema hivyo kwa masikitiko. Nilieleza jinsi shamba lilivyokuwa na jinsi lilivyo. Nilitaja tija, nilitaja rasilimali, nilitaja idadi ya watu wa Kibiti waliokuja kutoka bara na wanaotaka kula kama sisi. Nilisema kwamba kipande cha marehemu kikikatwa tena hakitakuwa shamba, kitakuwa mpaka. Nikapendekeza kibaki kizima, Sikujua aendelee kukilima, na kila mavuno kila nyumba ipelekewe fungu lake. Sikumtazama Sikujua, nikihofia atatabasamu. Wazee walitikisa vichwa pole pole, kwa namna ambayo huko chuoni tungeiita makubaliano. Saidi, ambaye sasa ana mvi na fimbo, alisema dada Rehema amesema maneno mazito. Kisha mwanawe mmoja, kijana mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Shangazi, huko Dar unalima nini?"

Nikasema silimi, nanunua. Akashukuru, akakaa. Ikasomwa dua, tukaagana, nami nikarudi mjini nimeshiba nikiamini nimeshinda.

Simu ya Sikujua ilikuja wiki kadhaa baadaye, asubuhi, mtandao ukikatika na kurudi kwa sababu alikuwa amepanda kwenye tuta kuutafuta. Hakuanza na salamu ndefu, na kwa watu wa kwetu hiyo peke yake ni habari.

"Wamegawa," akasema.

Nilikaa. Nilimuuliza vimekuwa vipande vingapi, akasema vinne. Nikamwambia warithi ni watatu: Saidi, Kassimu na yeye.

"Na wewe."

Nilidhani mtandao. Akanieleza. Siku ile nilipomaliza kusema na kuondoka, Saidi alikaa na wazee wakatafakari yale maneno mazito, na wakafikia uamuzi kwamba mtu hasemi vile juu ya shamba ila awe analitaka. Saidi akasikitika. Akasema kama dada alikuwa anataka, si angesema tu? Mama kamlea mwaka mzima, kaamia ndege pale, nani angemnyima? Wakanikatia. Kabla ya kugawana wao, wakanitolea mimi wa kwanza, kwa heshima, upande uliopakana na kile kipande cha zamani cha Sikujua.

Nilisema maneno mengi. Nilisema kwamba nilikuwa namsemea yeye. Akasema anajua, alikuwapo. Nikauliza kipande kina upana gani. Akasema nikitandika mikeka miwili ubavu kwa ubavu, nitabaki na mahali pa kuweka kandambili. Nikasema nitampigia Saidi nikikatae sasa hivi.

"Ukikikataa kinarudi kwa wote. Watakigawa tena."

"Basi nakupa wewe. Nitawaambia nimekupa."

"Watasema tulipanga nyuma ya pipa." Nilisikia pumzi yake, na chini ya pumzi kitu kikikata, kikitulia, kikikata tena. Nikamuuliza ni nani anayefyeka.

"Mie. Simu nimeibana kwa bega." Akakata mara moja nyingine. "Jana niling'oa vigingi baina yako na mimi. Leo namalizia hizi nyasi za mpaka, panya wamejaa humu. Sikukupigia kukuomba, Rehema. Nimekupigia ujue. Wakikuuliza, useme umenituma."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, juu ya haki, na juu ya kaka zake, na juu ya mwaka ujao, na yote yangekuwa ya kweli.

"Nimekutuma," nikasema.